Rafiki Asiyesadiki

Katika vijiji vingi ambamo watu hujifunza dini, siku moja hutokea jambo hili. Mkatekumeni ameketi jioni pamoja na rafiki yake. Wawili hao wamekua pamoja, wamelima shamba moja na kula sahani moja. Lakini rafiki amekwenda kufanya kazi katika mji wa machimbo, ao amesoma katika shule kubwa, na sasa asema wazi mbele ya watu: «Mungu hayupo. Hayo ni maneno ya wanadamu tu.» Wengine wanacheka, wengine wananyamaza, na wote wanamtazama mkatekumeni wapate kuona atajibu nini.

Mkatekumeni mmoja huwaka hasira, humtukana mwenzake na kwenda zake. Mwingine huona haya. Hucheka pamoja na wengine kana kwamba naye hasadiki sana, kisha hurudi nyumbani na moyo mzito. Wa tatu humwendea katekista na kumwuliza: Je, yapasa kuuvunja urafiki huo?

Ulizo hilo si dogo. Ndani yake mna vitu viwili vya thamani: kweli ya Mungu, ambayo mkristu hana ruhusa ya kuiuza, na rafiki, ambaye Mungu amemwumba na ambaye Kristu amekufa kwa ajili yake. Mwenye hasira ameishika kweli na kumtupa rafiki. Mwenye haya amemshika rafiki na kuitupa kweli. Kumbe vitu hivyo viwili havitengani, na mtu hawezi kukishika kimoja vizuri akiacha kingine.

1. Wasiosadiki si wa namna moja

Kwanza yafaa kujua ni nani huyo asiyesadiki. Watu hulitumia neno hilo kana kwamba wote ni sawasawa, lakini sivyo. Maaskofu wa dunia nzima walikutana Roma katika Mtaguso Mkuu wa pili wa Vatikano, tangu mwaka 1962 hata mwaka 1965. Tarehe 7 Desemba 1965 walitoa hati juu ya Eklezya katika ulimwengu wa sasa, na ndani yake walieleza kwa uangalifu namna nyingi za kutosadiki. Yuko mtu akanaye kabisa kwamba Mungu yupo. Yuko asemaye kwamba mwanadamu hawezi kujua lolote juu ya Mungu. Yuko adhaniye kwamba kitu kisichopimwa kwa elimu ya vitu vya dunia si kitu. Yuko aliyejichorea moyoni sura mbaya ya Mungu, akaikataa. Na kweli sura ile siyo ya Mungu wa Evanjili. Yuko anayekataa kwa uchungu, akiyaona maovu ya dunia. Tena yuko asiyejiuliza kitu, kwa kuwa kula na kulala vyamtosha.

Mganga katika hospitali ya misioni hatoi dawa moja kwa kila mwenye homa. Humwuliza mgonjwa kwanza: homa ilianza lini, na mwili wauma wapi? Vivyo hivyo mtu aliyefiwa na mtoto wake hahitaji jibu lile linalomfaa mwanafunzi aliyesoma kitabu akaingiwa na mashaka. Kuwajibu wote kwa neno moja, tena kwa sauti kubwa, ni kutosema na mtu ye yote.

2. Imani haitolewi kwa nguvu

Ili kuelewa jambo hili, mkatekumeni anaweza kuitazama njia yake mwenyewe. Kardinali Lavigerie, Askofu Mkuu wa Alger katika nchi ya Algeria, alianzisha shirika la Mapadri Weupe mwaka 1868. Alipowatuma katika nchi za Maziwa Makuu, aliwaamuru wasiwabatize watu wazima upesi, bali wawafundishe na kuwajaribu muda wa miaka minne. Maana ya amri hiyo yaeleweka. Mtu asiingie kwa kuwafuata wenzake, wala kwa kutaka shule ao kazi, wala kwa kumpendeza padri. Aingie kwa kuwa yeye mwenyewe ameelewa na ametaka. Na siku ya Ubatizo, kabla ya maji kumwagwa, padri humwuliza mtu mzima mbele ya watu wote kama anasadiki. Haulizwi baba yake wala chifu wake, bali yeye mwenyewe. Jibu lisilo huru si jibu.

Basi, ikiwa Eklezya humngojea kwa miaka hata yule anayetaka kubatizwa, je, mkatekumeni atataka rafiki asiyesadiki ageuke kwa jioni moja? Ikiwa padri hamwagi maji juu ya kichwa cha mtu asiyekubali, itakuwaje mkristu ammwagie mwenzake matusi ili akubali? Siku ile ile ya tarehe 7 Desemba 1965, Mtaguso ulitoa hati nyingine juu ya uhuru wa dini. Ulifundisha kwamba hakuna mamlaka ya kibinadamu yenye haki ya kumlazimisha mtu katika mambo ya dini kinyume cha dhamiri yake. Maaskofu hawakusema hivyo kwa kudhani kwamba kweli na uongo ni mamoja. Walisema hivyo kwa sababu ya heshima aliyo nayo kila mtu, na kwa sababu mlango wa moyo hufunguliwa toka ndani.

Tena imani ni neema. Mkatekumeni hakuinunua wala hakuitengeneza kwa akili yake. Mtu aliyepewa taa na mwingine hana sababu ya kumdharau aliye gizani: jana naye alikuwa gizani, na mafuta yaliyo ndani ya taa si yake. Anayemdharau asiyesadiki amesahau jinsi alivyoipata imani yake mwenyewe.

3. Kusikiliza kabla ya kujibu

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyekufa mwaka 1274, ni mmoja wa walimu wakubwa wa Eklezya. Katika kitabu chake kikubwa cha elimu ya dini aliuliza kama Mungu yupo. Hakuanza kwa kujibu kwamba yupo. Alianza kwa kuandika maneno ya mtu anayekana. Neno la kwanza lilikuwa hili: ikiwa Mungu ni mwema pasipo mpaka, mbona katika dunia mna maovu? La pili: mambo yote ya dunia yaonekana kuwa na sababu zake katika maumbile na katika mapenzi ya watu, basi, Mungu ni wa kazi gani? Tomaso aliyaandika maneno hayo mawili kwa ufupi, kwa uwazi, bila mzaha, tena kwa nguvu ambayo hata leo asiyesadiki hana mengi ya kuongeza. Ndipo akajibu.

Tomaso hakuogopa kwamba imani itavunjika kwa sababu ya ulizo. Mtu anayeziba masikio yake aonyesha kwamba moyoni mwake ana hofu. Mtu anayesikiliza hata mwisho aonyesha kwamba aitegemea kweli kuliko sauti yake. Wazee katika baraza wanayajua hayo. Hawakati neno kabla ya kusikia pande zote mbili, na kijana akimkatiza mwenzake huambiwa anyamaze.

Basi, rafiki akiisha kusema, mkatekumeni ayarudie maneno yake kwanza: «Wewe wasema hivi na hivi, ndiyo?» Rafiki akijibu, «Ndiyo, hivyo ndivyo nisemavyo,» hapo mazungumzo yameanza. Akijibu, «Hapana, hukunielewa,» amwulize tena. Kuuliza si ujinga. Mara nyingi ugomvi wa usiku mzima hutoka katika neno moja ambalo kila mmoja amelielewa kwa namna yake.

4. Kweli iliyo kinywani mwa rafiki

Katika nchi ya Kongo, liko neno moja ambalo mkatekumeni atalisikia mara nyingi: «Mungu huyo ni wa wazungu. Walimleta ili watutawale.» Ni lazima kulisikiliza neno hilo kwa makini, maana ndani yake mna kweli na mna kosa, navyo vimefungwa pamoja.

Tangu mwaka 1885 hata mwaka 1908, Kongo ilikuwa mali ya mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji. Watu walilazimishwa kwenda porini kutafuta mpira. Vijiji vilichomwa, watu wengi waliuawa, na wengine walikatwa mikono. Wazungu waliotoa amri hizo walitoka katika nchi ya kikristu, na wengi wao walikuwa wamebatizwa. Mwaka 1906 Serikali hiyo ilipatana na Roma: misioni za kikatoliki zipewe ardhi, nazo zifungue shule. Rafiki anayekumbusha mambo hayo hatukani, akumbusha yaliyotokea. Mkristu anayeyakana asema uongo, na Mungu hana haja ya kutetewa kwa uongo.

Mtaguso wenyewe haukuogopa kusema kwamba wakristu wana sehemu yao ya lawama katika kutosadiki kwa watu wengine. Wakifundisha dini vibaya, ao wakiishi vibaya nyumbani na kazini, wauficha uso wa Mungu badala ya kuuonyesha. Basi, mkristu akiungama makosa hayo mbele ya rafiki yake, haisaliti imani. Afanya lile ambalo imani yafundisha kila mwenye dhambi.

Lakini je, makosa ya wakristu yaonyesha kwamba Mungu hayupo? Hapo mkatekumeni na aseme kwa utulivu. Kabla ya mzungu ye yote kufika, Wanande walimtaja Nyamuhanga, Bashi walimtaja Nyamuzinda, Wakongo walimtaja Nzambi. Tena Evanjili yenyewe ilikuwa imefika Misri, Etiopia na Afrika ya Kaskazini tangu karne za kwanza. Mtakatifu Augustino alizaliwa mwaka 354 katika mji wa Tagaste, nchi inayoitwa leo Algeria, akawa askofu wa Hippo katika nchi hiyo hiyo mpaka kufa kwake mwaka 430. Hakuna aliyemleta Mungu Afrika ndani ya sanduku. Mjumbe mwenye mikono michafu aweza kuleta barua ya kweli. Ni haki kumlaumu mjumbe. Lakini mwenye akili haitupi barua kabla ya kuisoma.

5. Wawili waliobishana mbele ya watu

Uko mfano wa watu wawili waliojulikana sana, mmoja mwenye imani na mwingine asiyesadiki.

Albert Camus alizaliwa Algeria mwaka 1913, katika kijiji cha Mondovi, si mbali na ule mji ambamo Augustino alikuwa askofu. Baba yake alikufa vitani mwaka 1914. Mama yake hakujua kusoma. Alifanya kazi ya kusafisha nyumba za watu. Mtoto huyo maskini alisoma, na mwaka 1936 katika chuo cha Alger aliandika masomo yake juu ya fikira za Augustino na za wanafalsafa wa zamani. Aliyajua mafundisho ya kikristu, lakini hakusadiki. Baadaye akawa mwandishi, na mwaka 1957 alipewa tuzo ya Nobel. François Mauriac alizaliwa Bordeaux, Ufaransa, mwaka 1885. Yeye alikuwa mkatoliki, na mwandishi aliyepewa tuzo hiyo hiyo mwaka 1952.

Mwezi wa Agosti 1944 mji wa Paris ulitoka mikononi mwa jeshi la Ujerumani. Wafaransa wakaanza kuwahukumu wenzao waliowasaidia maadui. Camus, katika gazeti lake la Combat, alidai hukumu kali: alikuwa na uchungu wa wenzake waliouawa. Mauriac, katika gazeti la Le Figaro, aliomba huruma, asije Mfaransa akalipa chuki kwa chuki. Walijibizana kwa miezi mbele ya nchi nzima, na mara nyingine maneno yao yalikuwa makali.

Baada ya vita, mapadri Wadominiko wa Paris walimwalika Camus nyumbani kwao. Walitaka kusikia kwake asiyesadiki anangojea nini kwa wakristu. Maneno aliyowaambia yalichapishwa katika kitabu mwaka 1950. Aliungama mbele yao kwamba ameyafikiri tena mabishano yale, na kwamba Mauriac ndiye aliyekuwa na haki. Hakusema kwamba amekuwa mkristu. Alisema kwamba yeye hadai imani ya kikristu ni ndoto tupu. Asema tu kwamba hakuweza kuingia ndani yake. Tena aliwaomba mapadri wasiyapunguze maneno yao ili kumpendeza, maana mazungumzo yana faida pale tu ambapo kila mmoja abaki alivyo na kusema kweli. Akawaomba neno moja zaidi: uovu ukitendeka, wakristu wauhukumu kwa sauti iliyo wazi, hata maskini wa mwisho asiwe na mashaka juu ya neno lao.

Mkatekumeni apate mafundisho matatu katika mfano huo. Mauriac hakumshinda Camus siku ile waliyobishana. Neno lake lilikaa moyoni mwa mwenzake kama mbegu chini ya udongo, na lilizaa baadaye, wakati ambapo hakuna aliyelazimisha. Tena kilichomsaidia asiyesadiki hakikuwa neno tamu la kumbembeleza, bali neno la huruma lililosemwa bila kuficha. Na wale mapadri walikubali kulaumiwa nyumbani mwao na mgeni wao, kwa kuwa walijua kwamba asiyesadiki naye aweza kuwakumbusha wakristu Evanjili yao.

6. Mtoto anapokufa

Camus aliwaambia Wadominiko jambo jingine zito. Alisema kwamba yeye auchukia uovu kama wao, lakini hana tumaini lao. Naye ataendelea kupigana na ulimwengu huu ambamo watoto huteswa na kufa. Hapo ndipo ulizo la asiyesadiki linapouma kuliko yote. Wala si ulizo la waandishi wa Paris peke yao. Watu wa vijiji vya Kongo wanalijua. Wamewazika watoto waliouawa na malaria, na tangu mwaka 1996 wengi wa mashariki ya nchi wamewazika watoto waliokufa kwa vita na katika kukimbia vita. Baba aliyemzika mtoto wake aweza kusema, «Mungu hayupo,» na neno hilo ni kilio kabla ya kuwa hoja.

Maandiko Matakatifu yatuonya kwa habari ya Yobu. Watoto wake wote walikufa. Rafiki zake watatu walikuja, wakaketi naye chini siku saba, mchana na usiku, wala hawakusema neno, maana waliona kwamba uchungu wake ni mkubwa. Hayo ndiyo mema waliyomtendea. Kisha wakaanza kueleza. Walisema kwamba Mungu ana haki, kwa hiyo Yobu lazima ametenda dhambi. Yobu alilia, alibisha, alimwuliza Mungu maulizo makali. Na mwishoni Mungu aliwakasirikia wale rafiki waliojidai kumtetea. Lakini juu ya Yobu alisema kwamba yeye amesema sawa. Aliwaamuru waende kwa Yobu, ili yeye awaombee.

Camus naye aliandika mwaka 1947 hadithi ya tauni katika mji wa Oran, Algeria. Ndani yake padri ahubiri kwanza kwamba tauni ni adhabu waliyoistahili watu. Kisha akaa kando ya mtoto anayekufa, pamoja na mganga asiyesadiki. Akirudi kuhubiri, hasemi tena «ninyi», asema «sisi». Na mganga amwambia padri kwamba, hata wasipopatana juu ya Mungu, wanafanya kazi moja. Mwandishi asiyesadiki aliona vizuri: mtu aliyesimama mbali na kilio hana haki ya kukieleza.

Basi, mkristu aseme nini? Asieleze kifo cha mtoto kama mwalimu aelezavyo hesabu. Dini haikumwambia kwa nini mtoto huyu amekufa na yule amepona. Imemwambia kwamba Mungu hakukaa mbali na mateso. Mwana wake alikufa juu ya msalaba, akilia kwa sauti kama mtu aliyeachwa. Na kifo chake hakikuwa mwisho. Hayo mkristu aweza kuyasema kwa sauti ndogo, kwa wakati wake, baada ya kulichimba kaburi pamoja na rafiki yake na kulala kilioni pamoja naye. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.

Siku nyingine, uchungu ukiisha kupungua, aweza kumwuliza pia: «Ikiwa ulimwengu wote ni udongo na mawe tu, mbona mioyo yetu yasema kwamba kifo cha mtoto si haki? Hiyo haki twaijua kutoka wapi?» Ulizo hilo lina nguvu. Lakini ni ulizo, si mtego. Rafiki aweza kujibu kwamba mwanadamu awapenda watoto wake bila kufundishwa na Mungu, na kwamba upendo huo wamtosha. Hapo mkristu asiwe na haraka ya kudai ushindi. Wote wawili wamefika mahali pa kufikiri, na kufikiri kunataka muda.

7. Namna ya kusema

Tarehe 6 Agosti 1964 Papa Paulo wa Sita aliandika barua kwa Eklezya nzima, akafundisha alama nne za mazungumzo mema. Ni uwazi, upole, kumtumaini mwenzako, na busara. Zote nne zafaa kijijini kama zinavyofaa Roma.

Uwazi: mkatekumeni atumie maneno ambayo rafiki anayaelewa. Asimpige kwa maneno magumu ya katekisimu ambayo hata yeye mwenyewe hajayaelewa. Na akiulizwa jambo asilolijua, aseme, «Sijui, nitamwuliza katekista.» Neno hilo halimwaibishi mtu. Linaloaibisha ni kubuni jibu.

Upole: asitukane, wala asimtishe mwenzake kwa moto wa milele kana kwamba hukumu ni yake. Kumtumaini mwenzake: aseme naye akijua kwamba rafiki ana akili na dhamiri, naye ataka kweli. Ajenge pia juu ya neno jema alilolisikia kwake. Busara: aangalie mahali na saa. Penye pombe na kelele, mbele ya watu wanaotaka kucheka, hakuna atakayekubali kosa lake. Penye njia ya shambani, wawili peke yao, mtu aweza kusema lile lililo moyoni.

Mtume Paulo alifanya hivyo Atene. Moyo wake ulichafuka kwa kuona sanamu nyingi mjini. Lakini hakuanza kwa kuzivunja. Alitembea, akatazama, akaona altare iliyoandikwa kwa ajili ya mungu asiyejulikana, akaanzia hapo hotuba yake. Hata hivyo hakuficha neno gumu: aliwaambia juu ya ufufuko wa wafu. Wengine walicheka. Wengine walisema watamsikia siku nyingine. Wachache walisadiki. Paulo akatoka kati yao bila kuwalaani.

8. Rafiki akibaki vile vile

Yawezekana miaka ikapita na rafiki asigeuke. Je, maneno yote yamepotea? Hapana. Mtaguso ulikataa mafundisho ya kumkana Mungu, tena ulifundisha kwamba wanaosadiki na wasiosadiki wapaswa kusaidiana kuutengeneza vizuri ulimwengu huu wanamoishi wote. Daraja la kijiji halimwulizi mtu dini yake. Kisima hakichagui mtungi. Wawili hao waweza kulijenga daraja na kukichimba kisima, na katika kazi hiyo kila mmoja ataona matendo ya mwenzake. Mara nyingi matendo hayo ndiyo jibu ambalo maneno hayakuweza kulitoa.

Ni haki pia kwamba heshima iwe ya pande mbili. Rafiki akidai asiitwe mwovu kwa kuwa hasadiki, naye asimwite mwenzake mtoto ao mjinga kwa kuwa anasali. Akijaribu kumzuia asiende mafundisho, ao kumtia aibu kila siku mbele ya watu, mkatekumeni aweza kuyaacha mabishano hayo na kujiweka mbali nayo. Kuyaacha mabishano si kumchukia mtu. Aendelee kumsalimu, kumtembelea akiugua, na kumwombea kwa siri.

Kwa hiyo jibu la katekista kwa yule mkatekumeni wa tatu ni hili: usiuvunje urafiki, wala usiifiche imani. Ni vigumu kuliko hasira na kuliko kunyamaza, kwa sababu kwataka moyo ulio imara na ulimi ulio mpole, na vitu hivyo viwili havipatikani kwa siku moja. Hivyo navyo ni sehemu ya mafundisho ya miaka ile ya ukatekumeni. Na siku ya Ubatizo, rafiki asiyesadiki akija na kusimama nje ya mlango wa kanisa, kwa kuwa hawezi kuingia kwa unyofu lakini hakutaka kukosa furaha ya mwenzake, yule mkristu mpya akitoka amwendee yeye kwanza, ampe mkono, na kumshukuru kwa kuja.